David Buick: jina lilibaki kwenye motokari, mwenyewe akabaki mikono mitupu

Wapenzi wa motokari za Marekani za miaka ya 80, zile zenye turbo, wakianza kubishana, hawakawii kutaja moja: Buick Grand National. Ni motokari nyeusi tii. Kapo nyeusi, milango nyeusi, parashoki nyeusi, hata rimu zina weusi ndani. Ya mwisho ilitoka usine mwaka 1987. Leo, karibu miaka 40 kisha, kuna watu kule Marekani na Kanada wanaomaliza siku zao za mapumziko wakilala chini yake, mafuta yanawadondokea usoni, wanatafuta piese moja ambayo haitengenezwe tena.

Kila wakipanguza ile gari wanaona jina: Buick. Wengi wanajua kilo ngapi za presha turbo inasukuma, wanajua moteri iko na silinda 6, wanajua bei. Lakini wachache njo wanajua kama Buick alikuwa mutu. Mutu wa nyama na damu, fundi, baba wa watoto, mwenye kukopa na kushindwa kulipa. Leo kwenye ukurasa huu tunaleta maisha yake. Si hadithi ya tajiri. Wasomaji wetu wenye garaji, wenye atelye ya kusoma chuma, wenye kukopa vifaa kwa muchuuzi kwa kutumaini kwamba kazi italipa mbele, hao watajiona humu.

Mutoto wa Arbroath

David Dunbar Buick alizaliwa tarehe 17 mwezi wa 9, mwaka 1854, katika Arbroath, muji mudogo wa wavuvi na mafundi kando ya bahari, inchi ya Scotland. Alikuwa na miaka 2 tu wakati wazazi wake walipanda meli kwenda Marekani kutafuta maisha. Walifikia Detroit, katika jimbo la Michigan. Wakati ule Detroit haikuwa muji wa motokari. Motokari zenyewe hazikuwako. Ilikuwa muji wa mashua, wa mbao na wa majiko ya chuma.

Mutoto alipofika miaka 5, baba akafa. Mama akabaki mujane katika inchi ya wageni. Wasomaji wetu hawana haja ya kuelezwa sana hapa, munajua inamaanisha nini. David alisoma mpaka 1869, akiwa na miaka 15, kisha akaacha masomo akaingia kazi. Alifika kwenye kampani iliyokuwa inatengeneza vyombo vya mabomba ya maji: robine, vyoo, masinki. Pale mikono yake ikapata nafasi. Alikuwa mutu wa kuangalia kitu, kukifungua, kukiwaza usiku, na asubuhi kurudi na namna ingine ya kukifanya.

Mabomba na benwari nyeupe

Mwaka 1882 ile kampani ilikuwa katika shida. David na rafiki yake William Sherwood waliishika, wakaigeuza jina: Buick & Sherwood. Biashara ikainuka. Sherwood alikuwa mutu wa hesabu na wateja, David alikuwa mutu wa kuvumbua. Kila mumoja nafasi yake, na kwa ile miaka mambo yalienda muzuri.

David aliandikisha hati nyingi za uvumbuzi, zile tunaita breve. Alitengeneza chombo cha kunyunyizia maji kwenye majani ya bustani. Alitengeneza kifaa cha kusukuma maji chooni. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ingine: alipata namna ya kushikamanisha emaye na chuma cha kusubu. Munajua emaye, ile rangi ngumu nyeupe iko kwenye sahani na mabeseni ya mama zetu, ambayo ikipigwa chini inapasuka kipande na chuma cheusi kinaonekana. Mbele ya Buick, kupakaza emaye kwenye chuma kizito kama benwari ilikuwa kazi ya shida na ya bei. Kwa namna yake, benwari nyeupe zikaweza kuuzwa bei ya chini, zikaingia hata katika nyumba za watu wa kawaida.

Pengine angebakia hapo. Angekufa tajiri, na leo jina lake lingekuwa kwenye benwari. Lakini karibu na mwaka 1895 na kuendelea, moyo wake ulianza kutoka kwenye mabomba. Alianza kucheza na moteri za esansi. Alikuwa anakaa nazo saa na saa, kazi ya kampani inamungojea. Sherwood akachoka. Watu wawili wakivuta kamba moja kila mutu upande wake, kamba inakatika. Mwaka 1899 waliuza kampani yao dola 100.000. Wakati ule hiyo ilikuwa mali ya kweli. David alikuwa na miaka 45, ana feza mukononi, ana jina muzuri. Akaitia yote kwenye moteri.

Supapu juu ya silinda

Aliunda kampani ya kutengeneza moteri kwa mashua na kwa kazi ya mashamba. Alileta fundi mumoja kijana, Walter Marr, mwenye kichwa kikali na mukono muzuri. Walikuwa wanagombana, wanaachana, wanarudiana. Motokari ya kwanza iliyotoka mule, Marr mwenyewe njo aliinunua, mwaka 1901, kwa dola 225, juu bwana Buick alikuwa na haja ya feza. Ile inaonyesha kama zile dola 100.000 zilikuwa zinakwisha mbio.

Kisha akaja Mufaransa mumoja, Eugène Richard. Pamoja na hawa wawili njo kulitokea kile kitu kilichobeba jina la Buick mpaka leo. Tukielezee pole pole.

Katika moteri, silinda ni kama chumba. Kila chumba kiko na milango midogo: mumoja unaingiza hewa na esansi, mwingine unatoa moshi. Hiyo milango ni supapu. Moteri nyingi za wakati ule ziliweka supapu pembeni ya silinda, ndani ya kijichumba cha kando. Hewa ilikuwa inazunguka kona mbele ya kuingia, na moto ulikuwa unawaka mu nafasi isiyo na umbo muzuri. Nguvu ilipotea. Watu wa Buick waliziweka juu, ndani ya kulasi, juu ya pistoni kabisa. Hewa ikaingia moja kwa moja. Moto ukasukuma pistoni bila kuzunguka. Kwa ukubwa ule ule wa moteri, nguvu ikazidi.

Richard aliomba breve mwaka 1902, ikatoka mwaka 1904, kwa faida ya kampani ya Buick. Fungua kulasi ya moteri yoyote ya Hilux au ya Fuso kwenye garaji ya Goma, Bukavu, Bunia ao Kindu: supapu ziko juu. Ile pembeni imekwisha kabisa kwenye motokari. Kusema wale watatu peke yao njo walivumbua si sawa, juu wengine pia walikuwa wanawaza vile. Lakini wao walishika ile namna wakati wengine waliiacha, wakaifanya kuwa alama ya nyumba yao.

Deni la dola 3.500

Sasa tunafika mahali pa uchungu.

Kuvumbua ni kitu kimoja. Kulipa wafanyakazi, kununua chuma na kungojea wateja ni kitu kingine. David alikuwa anachukua mabati ya chuma kwa ndugu wawili wa Detroit, ba Briscoe, waliokuwa na kampani ya kutengeneza vitu vya chuma chepesi. Alichukua kwa deni. Kisha akaomba mukopo wa kumalizia motokari. Kisha mukopo mwingine. Deni likafika karibu dola 3.500.

Benjamin Briscoe, mukubwa wao, alikuwa mufanya biashara. Mwaka 1903 alisema sawa, tuandike. Mwezi wa 5 kampani ikapangwa upya kwa jina Buick Motor Company, na hisa za dola 100.000 kwenye karatasi. Kati ya hizo, Briscoe alishika hisa za dola 99.700. David Buick, mwenye jina kwenye mulango, alishika hisa za dola 300. Mukataba ulisema: ukinilipa deni langu mpaka mwezi wa 9, kampani inakuwa yako. Usipolipa, inabaki yangu.

Hakulipa. Hakuwa nazo.

Tusimame hapa kidogo. Watu wengi wanaposimulia maisha yake wanasema alikuwa mujinga wa feza, basi. Ni kweli hakuwa mutu wa kuhesabu. Lakini tazama pia ile mizani: kichwa cha moteri, miaka ya kuumiza mikono, mali yote ya mabomba iliyoingia mule, yote ikawekwa upande mumoja, upande mwingine kukawa dola 3.500 za bati na mukopo. Karatasi ikasema upande wa pili njo uzito. Na karatasi ikiisha kutiwa sinyatire, hairudi nyuma.

Briscoe mwenyewe hakukaa. Alikuwa ameisha kuweka macho kwenye fundi mwingine, Jonathan Maxwell. Akauza Buick Motor Company kwa watu wa Flint, muji mudogo kaskazini ya Detroit, kwa dola 10.000. Kampani ikauzwa kama vile mutu anauza charette, na David Buick akahamia Flint pamoja nayo.

Flint, na mwendo wa dakika 217

Flint ilikuwa muji wa magari ya farasi. James Whiting, mukubwa wa Flint Wagon Works, aliona mbali kama farasi iko karibu kupumzika, akataka moteri. Katika kampani mupya ya mwaka 1904, David na mutoto wake Thomas walipewa hisa, lakini zilifungwa: faida yake ililazimishwa kwanza kulipa madeni ya zamani. Tena, kitu mukononi ambacho si chako.

Mwezi wa 7, mwaka 1904, ikafika siku ya kujaribu. Walter Marr alishika usukani, Thomas Buick akakaa pembeni. Motokari haikuwa hata na bodi ya kueleweka. Walitoka Flint kwenda Detroit kwa barabara za udongo, mvua ilikuwa imenyesha, magurudumu yanarusha matope mpaka kwenye macho. Barabara za namna ile watu wa kwetu wanazijua bila kuonyeshwa picha. Kurudi, walikimbia maili 115, karibu kilometa 185, kwa dakika 217. Ni saa tatu na dakika 37. Moteri ilikuwa na silinda mbili tu, zimelala zikiangaliana, na nguvu za farasi karibu 22.

Whiting akaona inatosha. Wakaanza kuuza. Daktari mumoja wa Flint akanunua ya kwanza. Mwaka ule walitengeneza motokari 37 tu, na feza ikakwisha tena.

Hapo njo anaingia William Durant. Huyu alikuwa mwenye kuuza magari ya farasi kwa wingi sana, ulimi wake mutamu, macho yake yanaona soko pale wengine wanaona matope. Inasimuliwa kama aliijaribu Buick kwenye barabara mbaya kwa wiki nyingi mbele ya kusema ndiyo. Tarehe 1 mwezi wa 11, mwaka 1904, akashika uongozi. Mambo yakawaka. Mwaka 1908 Buick ilikuwa mbele ya kampani zote za motokari kule Marekani, hata mbele ya Ford. Na tarehe 16 mwezi wa 9 mwaka ule, juu ya musingi wa Buick, Durant akaunda kampani ingine kubwa: General Motors. Yaani ile General Motors ya Chevrolet na Cadillac, mama yake ni Buick.

Kuondoka pole pole

Na David? Wakati kampani ilikuwa inapanda, yeye alikuwa anashuka ngazi. Ubiro ukawa wa wengine. Maamuzi yakawa ya wengine. Walimuacha na chumba cha kufanyia majaribio, lakini usine ya kutoa maelfu ya motokari haihitaji tena mutu wa kuwaza usiku na kugeuza kitu asubuhi. Inahitaji kitu kile kile, kila siku, bila kugeuza. Hakuna aliyemufukuza kwa fimbo. Nafasi yake iliyeyuka tu, na akaenda zake.

Aliondoka na feza kiasi. Akaitia kwenye petroli ya California, haikutoka kitu. Akaitia kwenye viwanja vya Florida, ikazama. Akatengeneza karburateri pamoja na Thomas, haikusimama. Mwaka 1921 alikuwa rais wa kampani ya motokari iliyoitwa Lorraine, kwa muda mufupi. Mwaka 1923 akajaribu kutoa motokari mupya kwa jina lake la katikati, Dunbar, juu jina Buick halikuwa tena lake kulitumia. Waza ile: mutu anaanza upya na miaka karibu 70, na hawezi kuandika jina la baba yake kwenye kazi yake. Mwaka ule ule, kampani yenye jina lake ilitoa motokari yake ya milioni moja.

Meza ya mapokezi

Kisha miaka ya kutembea-tembea, alirudi Detroit. Alipata kazi kwenye chuo cha kufundisha vijana kazi za mikono, Detroit School of Trades. Kwanza alifundisha, alipodhoofika wakamuweka kwenye meza ya mapokezi, kuonyesha watu wapi pa kuingilia.

Mwaka 1928 muandishi wa habari kijana, Bruce Catton, alimutafuta akamukuta pale. Huyo Catton mbele alikuja kuwa muandishi mukubwa wa historia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alichoandika kuhusu muzee kiliwashangaza wasomaji: muzee mwembamba, wa kuinama, miwani minene, suti ya zamani lakini safi. Hakuwa na uwezo wa kulipa telefone nyumbani. Inje, kwenye barabara za Detroit, motokari zenye jina lake zilikuwa zinapita moja nyuma ya ingine, na yeye hakuwa na yoyote. Tena hakuonyesha chuki. Aliongea kama mutu aliyeanguka mara nyingi na ambaye bado anawaza kazi ya kesho.

Tarehe 5 mwezi wa 3, mwaka 1929, kisha kupasuliwa, kichomi kikamuua katika hospitali moja ya Detroit. Alikuwa na miaka 74. Kaburi lake liko kule kule Detroit, kwenye makaburi ya Woodmere.

Toka farasi 22 mpaka 245

Sasa turudi kwenye ile nyeusi ya 1987, juu maisha ya jina hayakuishia kaburini.

Turbo munaijua hata kama hamukuwaza. Wakati kamio linapanda mulima likiwa na muzigo, munasikia filimbi ndani ya ngurumo: hiyo ni turbo. Moshi wa moteri, mbele ya kutoka inje, unazungusha kigurudumu kidogo. Kigurudumu hicho kiko kwenye musumari mumoja na kingine, ambacho kinasukuma hewa mingi kuingia ndani ya silinda. Hewa mingi, mafuta mingi, nguvu mingi. Muswisi Alfred Büchi aliandikisha ile akili mwaka 1905, wakati David alikuwa angali Flint. Kwetu huku juu, Goma na Bukavu, karibu meta 1.500 toka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na moteri isiyo na turbo inapoteza pumzi. Ndiyo maana turbo inapendwa kwenye milima.

Marekani haikuikimbilia juu ya milima, lakini juu ya bei ya esansi. Kisha petroli kupanda mwaka 1973, moteri kubwa za silinda 8 zikawa muzigo. Buick walikumbuka kama walikuwa na V6 yao ya mwaka 1962, lakini walikuwa wameuza mashine za kuitengenezea kwa watu wa Jeep mwaka 1967. Wakaenda kuzinunua tena mwaka 1974. Ndiyo, kampani kubwa nayo inaweza kuuza mali yake na kuililia kisha. Mwaka 1978 wakaitia turbo. Jina Grand National wakalichukua kwenye mashindano ya NASCAR, wakalitia kwanza kwenye Regal 215 tu za mwaka 1982. Toka mwaka 1984 ikawa nyeusi na turbo, nguvu za farasi 200. Mwaka 1986 wakaongeza chombo cha kupoza hewa mbele ya kuingia kwenye moteri, ikafika 235. Mwaka 1987, 245. Mwaka ule wa mwisho zilitoka 20.193, na juu yake 547 za kipekee zinaitwa GNX, zenye nguvu za farasi 276, ambazo zilikuwa zinaacha nyuma hata motokari za kifahari za michezo.

Fungua kulasi yake. Supapu ziko wapi? Juu ya silinda, zinasukumwa na vijiti toka chini. Ile akili ya mwaka 1904, bado inapumua.

Wenye kuirudishia uhai

Kumiliki ile gari leo ni kazi ya uvumilivu. Kwanza, kujua kama ni ya kweli. Kwa sababu ya bei, wengine wanachukua Regal ya kawaida na kuipaka nyeusi. Mwenye akili anaangalia nambari ya shasi: kwa zile za 1986 na 1987, herufi ya 8 lazima ikuwe 7, alama ya moteri ya turbo. Kisha anatafuta karatasi ndogo ndani ya kofa, anaona kama iko na kode WE2. Rangi inadanganya, nambari haidanganyi upesi.

Pili, mafuta. Musumari wa turbo unaogelea ndani ya mafuta ya moteri, na unazunguka mbio kupita kitu kingine chochote ndani ya gari. Ukitoka kukimbia na kuzima pale pale, mafuta yanasimama ndani ya chuma cha moto, yanaungua, yanakuwa makaa, na turbo inakufa. Kwa hiyo wanaacha moteri inguruma pole pole dakika moja ao mbili mbele ya kuzima. Shofere wa kamio za kwetu wanajua ile sheria. Tena mafuta ya siku hizi mingi yamepunguzwa zinki, na moteri za zamani kama hii zinahitaji zinki ili kamshafti isilike. Wanaojua wanachagua mafuta yao.

Tatu, vitu vidogo. Mipira ya hewa inapasuka na moteri inapoteza mwendo. Plastiki kati ya parashoki na bodi inakatika kama mukate mukavu. Chombo cha umeme kinachosaidia freni, Powermaster, kinajulikana kwa kushindwa bila kuaga, na wengi wanakitoa kabisa na kuweka freni za kawaida za kuvuta hewa. Na ukiongeza presha ya turbo bila kuongeza esansi, moto unalipuka ndani ya silinda mbele ya saa yake, pistoni inatoboka. Pale tamaa inalipwa siku ile ile.

Wale watu hawatengenezi ile gari juu ya faida. Wengi wanatia feza kupita bei yake. Wanaikomboa toka kutu, piese kwa piese, mpaka siku moja ufunguo unazunguka na ile V6 inaamuka. Pengine bila kujua, wanafanya kazi ambayo hakuna aliyeifanya kwa muzee wa meza ya mapokezi: wanarudishia heshima kitu kilichoachwa.

Kinachobakia

Mwaka 1994 watu wa Arbroath waliweka kibao cha ukumbusho wa mutoto wao. Kampani yenyewe ilichukua alama za ngao za ukoo wa Buick kuziweka mbele ya motokari zake, na ngao tatu zingaliko. China inanunua Buick kwa wingi.

Kwa hiyo jina halikufa. Lakini tunapofunga habari hii, tunawaza wale wa kwetu: fundi aliyegundua namna ya kusubu piese isiyopatikana, kijana anayeunda chukudu yenye kubeba kuliko zingine, mama mwenye kuvumbua jiko linalokula makala kidogo. Kesho mutu mwenye feza atakuja na karatasi, na atakuwa na haraka. Soma karatasi. Uliza rafiki anayejua hesabu, na usimuchoshe kama David alivyomuchosha Sherwood, juu fundi anahitaji mutu wa hesabu kama vile moteri inahitaji mafuta. Angalia tarehe ya kulipa, angalia kama utaifikia. Na angalia kwanza kabisa ni nani atakayebaki na jina lako ile siku hautaweza.